Jina Lako Ndilo Liliandikwa

Mwese,
Wilaya ya Tanganyika,
Katavi.
Jumatatu, 12 Mei 2025.

Mpendwa wifi yangu Rosine,

Amahoro! Neno la Kirundi ninalolijua vizuri ni hilo, nimeona nianze nalo. Habari za Kasulu? Miguu ya mama mkwe inaendeleaje? Huku hatujambo. Immaculata kaota meno mawili, ananing'ata akinyonya.

Nakuandikia karatasini maana simu hapa nyumbani ni moja, na ndiyo hiyo kaka yako Dieudonne anapanda nayo mlimani kutafuta mtandao aongee na wewe.

Anaendelea vizuri. Tangu alipotaka kujiua tukamuwahi, dawa anameza, na daktari wa Mpanda alisema ni sonona, ugonjwa kama mwingine, unatibika. Mimi naamini. Juzi kapalilia maharage bila kusukumwa.

Ila wifi, kuna jambo limenikaa kooni. Siku tunaruhusiwa hospitali, nesi Agatha alitupa kipeperushi cha wagonjwa na familia zao. Kina sehemu ya kujaza: mawazo ya kufa yakirudi, utamwambia nani kwanza? Nikajiweka sawa, najua ni mimi. Dieudonne akaandika Rosine. Nikamuuliza nesi, "Mbona mimi ndiye ninayempikia?" Akacheka: "Mama, hapa hatuandiki anayepika, tunaandika anayeambiwa."

Njia nzima nilinuna. Tulipofika akasema, "Mama Imma, nikikuambia wewe utalia, halafu nianze mimi kukubembeleza. Na mambo ya moyoni kwangu hayaji kwa Kiswahili."

Hapo ndipo wivu uliponishika kweli. Angekuwa mwanamke wa hapa kijijini ningemfuata mlangoni kwake. Wewe nitakufuata wapi, na ni damu yake? Anaongea na wewe, nasikia umutima, umutima, nakisia ni moyo, mara anacheka. Mimi nipo hatua chache chini yake na mtoto mgongoni, sijui kinachochekesha ni nini.

Jana hukupatikana. Akashuka kimya, akakaa. Kipeperushi kinasema muulize waziwazi, kumuuliza hakumpandikizii hilo wazo. Nikamuuliza, "Baba Imma, unawaza kujiua?" Akasema hapana, haraka haraka, kama mtu anayefukuza kuku. Sikujua niamini nini. Nikakaa naye, nikamwita na jirani yetu Masunga akakaa, mpaka jioni tukapanda naye tena mlimani, simu yako ikaita.

Sasa niandikie hilo swali kwa Kirundi, kama linavyotamkwa. Unieleze pia akijibu ndiyo, inasikikaje. Sikunyang'anyi kaka yako, wifi. Nataka siku ukikosekana awepo mwingine wa kumuuliza kwa lugha inayomfika. Vitu vya hatari nimevihamishia kwa Masunga, na nesi kasema hali ikizidi nisimwache peke yake, nimrudishe hospitali.

Akikupigia pokea, hata kama uko kanisani. Mimi nitaona wivu, lakini pokea.

Nisalimie mama mkwe Vénérande, mume wako Sixte na watoto wote. Mungu awafunike huko, na atuachie Dieudonne wetu.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda hata nikiwa nimenuna,
Kabula