Nguo za Fizi katika Nyumba Yetu ya Baraka

Mama mpendwa, mama wa mume wangu,

Mvua ya kwanza ilipiga mji wetu wa Baraka juzi. Ilikuja mchana, ikagonga mabati mpaka mwanao akanyamaza katikati ya maneno, na ilipokatika mjukuu wako Faida aliniangalia akasema, "Mama, tushushe mifuko?" Tukaishusha kutoka darini, tukatoa nguo za mvua, tukapandisha zile nyepesi za kiangazi mahali pake, na kazi yote ikaisha kabla ya maharagwe kuiva. Jirani mmoja aliyekuwa amejikinga mvua barazani kwetu alituangalia kwa muda, kisha akaniuliza ni nani alitufundisha. Nilitaka kumjibu, nikaishia kwenda kukoroga maharagwe. Ndiyo sababu ninakuandikia. Najua hutasoma, na hata ulipokuwa nasi ulipenda Faida akusomee. Basi wasome wengine, hasa wale wanaoishi wengi katika nyumba ndogo kama yetu.

Ulitufikia kwa pikipiki mbili. Ya kwanza ilikubeba wewe, ya pili ilibeba sanduku lako la bati, limefungwa kwa mipira pande zote. Baba mukwe alikuwa amezikwa Fizi miezi michache kabla, na kule mlimani milio ya bunduki ilikuwa imeanza kusogelea mashamba. Etabo, mwanao, alikutumia maneno kwamba ushuke ukae kwetu mpaka kutulie. Ulishuka umevaa pulover na kitambaa kizito kichwani, kwa sababu ulipoondoka Fizi kulikuwa na ukungu. Ulipofika kwetu kando ya ziwa jasho lilikuwa linakutiririka shingoni, na watoto walikuzunguka wakicheka. Ulicheka nao. Kisha ukaomba maji.

Nyumba yetu unaijua. Salo ndogo ya kukaa na vyumba viwili, kimoja chetu, kimoja cha wasichana, na wavulana wanatandika mkeka salo baada ya meza kusogezwa ukutani. Tulikuweka pamoja na wasichana. Nguo za watu sita zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba na misumari, na zilizobaki zilijaa kwenye magunia nyuma ya mlango, za jua na za mvua zimechanganyika. Mvua ilipoanza tulikuwa tunachimba magunia hayo kama panya. Pulover moja ilitoka na ukungu mweupe, nyingine na matundu, na asubuhi za shule zilianza kwa ugomvi, huyu anavuta mkono wa nguo na yule anavuta mwingine.

Sasa katika nyumba hiyo ukafungua sanduku lako. Kulikuwa na pulover nyingi za sufu, soksi nene, blanketi mbili, vikwembe vyako, vitenge vya kuvaa kanisani, na chini kabisa kabuti ya baba mukwe, lile koti zito la rangi ya majivu alilovaa akienda shamba asubuhi. Nilisimama mlangoni nikiangalia vitu vile vyote nikitafuta pa kuviweka.

"Mama, huku Baraka ni joto," nilikuambia polepole. "Hizi nguo utazivaa wakati gani?"

"Sikuzileta juu ya Baraka," ulinijibu. "Niko nazichunga juu ya siku ya kurudi."

Usiku nilimlalamikia Etabo. Nilimwambia sanduku linakula nafasi ya mtu mzima, na watoto wanaliruka kama mtaro. Akasema, "Yeye njo mama yangu. Sasa nimwambie nini?" Kuta zetu hazizuii neno, nawe ulikuwa upande wa pili. Asubuhi uliamka ukanisalimu kama kawaida. Majira yale yote ya mvua hukusema chochote juu ya nguo. Ulikaa kwenye kiti chako kifupi ukituangalia tukitafuta, tukigombana, tukianika vilivyolowa juu ya viti. Mara nyingine nilikuona unapima kitu kwa shibiri, mfuko au upana wa kitanda, nikadhani ni mchezo wa mtu mzima asiye na shamba la kulima.

Kiangazi kilipofika, asubuhi moja ya upepo kutoka ziwani, uliniita. "Mukamwana, leo tunatoa vyote inje." Mimi ndiye mukamwana, mke wa mwanao, na hapo ulikuwa hujawahi kunituma kazi. Tulitandika mikeka mbele ya nyumba, tukatoa kila nguo mpaka kamba zikabaki tupu. Niliona aibu, majirani wanapita wanaona soksi zetu zilizotoboka. Wewe ulikaa katikati kama mama anayeuza dagaa, ukichambua. Za kiangazi huku. Za mvua kule. Za kanisa peke yake. Zilizokuwa ndogo ukaziweka kando na kusema, "Hizi zitoke. Nguo ambayo haina mwenye iko inaiba nafasi ya mwenye."

Kisha ukanionyesha kukunja. Mikono ya nguo ndani kwanza, halafu unaviringisha kutoka chini, unakaza kwa kiganja, mpaka pulover nzima inakuwa kama mkate mdogo. Niliviringisha ya kwanza ikafunguka. Ulinichukua vidole vyangu ndani ya vyako, ukavikandamiza. "Bonyeza, iteme hewa," ulisema. "Hewa njo inajaza mufuko." Kila mtoto ulimpa kikwembe kimoja cha zamani, chenye mchoro wake, nguo zake zote za mvua zikafungwa humo fundo moja. Faida alichagua chenye samaki. Ndani ya kila fundo ulitia majani ya mkaratusi yaliyokauka, kwa sababu ya nondo, na kipande cha makaa ndani ya soksi iliyopoteza mwenzake, kinywe unyevu. Etabo alituma watoto walete matofali, akainua vitanda, na sanduku lako likaingia chini ya chetu, juu ya matofali yaliyobaki. Mafundo tuliyatia katika mifuko, tukayaning'iniza kwenye boriti za dari, na katikati ya kila kamba ukapitisha kifuniko cha kopo la maziwa ili panya akishuka ateleze.

Jioni ile wavulana walicheza mpira wa matambara ndani ya salo. Nilikuwa sijawahi kuwaona wakifanya hivyo. Ulikuwa umelala kwa uchovu, nami nilisimama nikiangalia sakafu yetu kama mtu aliyeongezewa chumba.

Tangu hapo kazi ile ikawa siku yetu. Kila majira yakigeuka tulikaa wawili mkekani, na mikono ikiwa na shughuli midomo yako ilifunguka. Ulinieleza Etabo alivyokuwa akilia kuvaa viatu, na jinsi baba mukwe alivyokuposa mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza babu yako alijifanya hasikii. Nami nilikuambia mambo ambayo sijamwambia mama yangu mzazi. Kila mara tulimaliza kwa sanduku lako. Uliitoa kabuti, ukaipiga jua pande zote, ukaikunja bila kuiviringisha, ukairudisha chini. "Mwaka huu tutarudi," ulisema. Habari kutoka mlimani zilikuwa zinakuja mbaya, na hakuna aliyekubishia.

Halafu ziwa likapanda. Watu wa pwani tulikuwa tumeona maji yakisogea wiki hata wiki, yakila bustani za mchicha, lakini tulizoea kuyaangalia. Asubuhi moja mvua ikinyesha tuliamka miguu ikikanyaga maji ndani ya salo. Wavulana walikuwa wamesimama juu ya meza. Etabo alipiga kelele tutoke, tusichukue kitu. Wewe hukupiga kelele. Ulisema, "Kila mutu na fundo yake," na watoto wakanyoosha mikono, Etabo akashusha mifuko, kila mtoto akaweka kikwembe chake kichwani. Hakuna aliyeuliza changu kiko wapi. Sanduku lako lilikuwa juu ya matofali, maji yalikuwa yanalamba bati lake.

"Mama, hilo liache," Etabo alisema. "Iko nzito."

"Basi shika upande mumoja," ukamjibu.

Tulilibeba mimi na yeye, maji magotini, mpaka kwenye shule moja iliyoko juu kidogo. Madarasa yalikuwa yamejaa. Simenti ilikuwa baridi, upepo uliingia kwenye madirisha yasiyo na vioo, na watoto wa watu walikuwa wamekaa na nguo zilizowashika mwilini, midomo imegeuka rangi. Wetu walifungua mafundo, wakavaa vikavu. Nilikuwa namfunga mdogo vifungo nilipokusikia unafungua sanduku.

Ulianza na watoto waliokuwa karibu. Ulimvua mmoja shati lililolowa, ukamvisha pulover yako ikamfika miguuni, kisha mwingine. Soksi zako uliwavisha wazee. Blanketi zilikwenda kwa familia mbili zilizotoka na mikono mitupu. Pembeni alikaa mama mmoja Mrundi aliyekuwa amepanga nyumba nyuma yetu, na mtoto mchanga kifuani, amejifunika kikwembe kinachodondosha maji. Ulitoa kabuti.

Nilikushika mkono. "Mama, hiyo iko ya baba."

"Baba yenu alikuwa anaivaa juu ya baridi," ulisema. "Baridi njo hii."

Ukamfunika yule mama pamoja na mtoto. Alikuuliza atairudisha namna gani. Ulimwambia, "Kwanza mutoto apate joto, hayo mengine tutaongea." Kisha ukaketi juu ya sanduku tupu, ukatandaza kikwembe chako kwenye mapaja, ukaanza kuimba polepole wimbo wa kanisani kwa Kibembe. Mama mmoja akaitikia kutoka upande mwingine wa darasa, halafu wengine.

Maji yalipopungua tulirudi, tukapiga deki matope kwa siku nyingi. Pulover chache zilirudi zikiwa zimefuliwa. Nyingi hazikurudi, wala kabuti, kwa sababu yule mama alihamia Lweba kwa ndugu zake, na hukumtafuta. Kiangazi kilipofika tulitandika mkeka wetu. Tulipomaliza za watoto nilivuta sanduku lako kama kawaida. Uliangalia ndani, ukalisukuma kwangu.

"Sasa nafasi iko," ulisema. "Weka za batoto."

Mama, nafasi ile niliitamani tangu siku ya kwanza. Nilipopewa nilibaki na rundo la sweta za shule mikononi, nisiweze kuziingiza. Nilielewa kwamba umeacha kungoja. Nilikuambia tutakununulia kabuti nyingine, na ukaniambia mtu wa Baraka anafanya nini na kabuti. Ulisema mtu wa Baraka. Kisha ukanichukua rundo mikononi, ukaanza kupanga wewe mwenyewe.

Uliugua kifua kiangazi kilichofuata. Hospitali walijitahidi. Siku zile za mwisho ulimwita Etabo kwa jina la baba yake, na mimi ulinishika kidole tu. Barabara ya Fizi ilikuwa imetulia kidogo, na watu wa kanisa wakatafuta gari tukakupandisha ukalale karibu na baba mukwe. Nilikuwa sijawahi kufika kwenu. Kila nilipopanga kuja kuwasalimu njia ilikuwa imeharibika, au kwa mvua au kwa vita.

Baada ya maziko, mama mudogo, ndugu yako wa kufuata, alitufungulia nyumba tulale. Ilikuwa bado imesimama. Nilikuta vyumba vinne, na chako kikubwa kuliko salo yetu, na ukuta mzima una vigingi vya mbao vilivyochongwa vizuri, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Nilimwuliza mama mudogo vilikuwa vya nini.

"Nguo za yaya," akasema, akikuita wewe, dada yake mkubwa. "Bwana yake njo alimuchongea. Kila nguo na kigingi yake. Yaya alikuwa anatundika tu."

Nikamwambia juu ya mafundo, na kuviringisha, na vifuniko vya kopo kwenye kamba. Nilidhani atacheka kwamba ameyajua tangu utotoni. Alinitazama kana kwamba ninamsema mtu mwingine.

"Yaya? Kukunja hakujua. Hata kwa mama tulikuwa tunamukunjia siye."

Nilikaa chini palepale, mgongo kwenye ukuta wa vigingi. Miaka yote nilidhani umetuletea desturi ya Fizi, kitu ulichozoea. Kumbe ulijifunza kwetu, uzeeni, peke yako, kwa kututazama na kupima kwa shibiri, ili wajukuu wako wapate pa kunyoosha miguu. Kwa hiyo sikuwahi kukuambia aksanti. Mtu hashukuru jua kwa kuwaka.

Nakuambia sasa. Aksanti, mama, mbele ya wote wanaosoma. Etabo anakusalimu, hawezi kuandika bila kusimama na kutoka nje. Faida amekuwa mrefu kunipita. Jirani yule amerudi leo asubuhi na gunia lake kichwani, akaniomba nimwonyeshe. Tumetandika mkeka, nami nimemwambia jina lako kabla ya kushika nguo ya kwanza.

Pumzika huko juu, mama, kwa nafasi.

Mukamwana wako,
mama Faida
Baraka