Kaske ya Kusikilizia Sauti Yako

Maman Neema,

Nimetoka misa ya kwanza, nimeketi kwenye kiti chako kando ya dirisha. Kuna neno ambalo nimeshindwa kumwambia padri hata kwenye kitubio. Wewe nitakuambia.

Kwanza habari za nyumbani. Binti yetu anaendelea na chuo, ila siku ambazo hakuna masomo anacheza mchezo wake ule wa vita kwenye kompyuta. Unaukumbuka, ulikuwa unamwambia, "We mutoto mwanamuke, bunduki ya nini?" Basi, majuma mawili yaliyopita alifungulia zile bafle zetu, spika kubwa za sebuleni, risasi za mchezo zikaanza kulia. Na mji wenyewe siku hizi unajua ulivyo, risasi za kweli hazikauki. Parcelle nzima, nyumba zote za ua wetu, ililala chini. Jirani yetu Maman Furaha aliingia chini ya meza na sufuria ya maharagwe mkononi. Alipojua ni mchezo, alisimama mlangoni kwetu akapaza sauti, "Papa Neema, umwambie binti yako vita yake aende kuifanyia Shabunda, sisi hapa tulishashiba!" Watu wakacheka. Lakini sufuria ile alikuwa bado ameikumbatia, nami nikaona haya.

Nikasema bafle zinyamaze, nitamtafutia mtoto kaske, ile ya kufunika masikio yote mawili. Na nikuambie ukweli, haikuwa kwa ajili yake tu. Tangu tulipokuzika kijijini kwenu Mudaka nasikiliza kila siku ule wimbo wa Pasaka niliourekodi kwaya yenu ikifanya mazoezi, na wewe sikusikii. Nasikia masoprano, nasikia yule baba wa besi anayewatangulia wenzake. Wewe hapana. Neema aliniuliza, "Papa, maman iko wapi humu ndani?" Nikamjibu kwamba bafle zimezeeka, zinameza sauti za katikati. Niliamini hivyo. Nilitaka kuamini.

Tukaenda sokoni Kadutu kwa muuzaji wa vyombo vya kompyuta, baba mmoja mnene, mtu wa utani. "Ni ya muziki ao ya jeu, ya michezo? Juu kaske ya vyote mbili, papa, ni kama kutafuta bibi wa kupika na wa kunyamaza!" Neema akamkata jicho. Wimbo wetu nilikuwa nimeubeba kwenye flashi. Kaske ya kwanza, yenye taa nyekundu masikioni, ilipiga besi mpaka meno yakacheza; kwaya nzima ikawa ngoma tupu. Ya pili ilikuwa nyepesi, ila sauti zilitoka kali kama mfuniko wa sufuria ukianguka. Ya tatu haikuwa na taa wala urembo. Muuzaji akasema, "Hii haidanganye. Mu jeu, adui akitembea nyuma yako, unasikia anatokea upande gani." Neema akaijaribu na mchezo wake, akakubali kwa kichwa. Kisha nikaivaa mimi.

Kabla ya wimbo kuna mwanzo, pale watu wanapopanga viti. Kwenye bafle ni mvumo tu. Humu kila kitu kilikuwa wazi. Nilisikia ukikohoa, karibu kabisa, kama uko begani pangu. Halafu sauti yangu: "Maman Neema, rudi nyuma, kule ku mulango. Pumzi yako inaingia mu mikro." Na wewe, ukicheka kidogo, ukiniita mkubwa: "Sawa, chef." Halafu kandambili zako... zilitoka sikio la kulia, zikapita, zikaenda mbali upande wa kushoto. Wimbo ukaanza bila wewe.

Nilikuwa nimesahau. Mungu ni shahidi, nilikuwa nimesahau. Zile mikro mbili za kunasia sauti niliziweka mimi, rekodi safi niliitaka mimi. Kabla ya Pentekoste ugonjwa ule wa mapafu ulikuwa umekuua, na mimi katika pumzi yako nilikuwa nimesikia uchafu wa rekodi tu.

Tuliichukua hiyo ya tatu. Njiani Neema alikuwa na furaha, anasema, "Sasa tutamusikia." Tulipofika, akaenda kuteka maji, nami nikafungua rekodi. Kukata sekunde chache za mwanzo ni kazi ndogo, nimeifanyia kwaya mara nyingi. Nilishaziwekea alama. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikaanza Baba Yetu, nikashindwa kuimaliza, nikaondoa kidole.

Alipoingia nilimwambia yote kabla hajaivaa. Akasikiliza ule mwanzo mara mbili, akaivua kaske polepole, akasema, "Ungemuacha tu pale alipokuwa, papa." Tangu siku ile ananisalimia, ananipakulia chakula, lakini haketi nami.

Simlaumu. Nakuomba msamaha, mke wangu. Si kwa ugonjwa, huo ni wa Mungu. Kwa kukuondoa.

Nakuahidi sitaikata rekodi. Wanakwaya wakiiomba nitawapa hivyo hivyo, waisikie sauti yangu ikikufukuza. Na mama yako akija siku ya kumaliza matanga, nitamketisha nimwambie mwenyewe, kabla hajaniuliza kwa nini mwanawe hasikiki. Akinilaani, nitainamisha kichwa. Akiacha kuketi nami kama Neema, nitaendelea kumpelekea kuni na unga Mudaka kama ulivyokuwa unafanya.

Pumzika mikononi mwa Bwana, Maman Neema. Niombee nisiogope siku hiyo.

Mumeo,
Papa Neema