Etajeri ya Basahani Yako

Mama Solange, rafiki yangu,

Weye umelala muzuri huko, na mi hapa Kolwezi nilikaribia kupata wazimu juu ya waya. Sikiliza kwanza, utacheka kisha.

Basahani yako ya bati ya emaye, ile ya maua mekundu, uliniachia ukasema, "Usiifungie mu karton. Uiweke batu baione." Sawa. Lakini mwenye nyumba yetu anakataza kupiga hata musumari moja mu ukuta. Njo Mireille wangu akatengeneza etajeri ya mbao, ya kupangia basahani, yenye kusimama yenyewe, bila kuegemea fasi yoyote. Mireille yule yule, wa kwanza mu darasa yake ya ufundi! Najua, najua. Ungalikuwa hapa ungalinikata: "Tumesikia, Mama Mireille. Na Solange wangu je?"

Etajeri ilisimama muzuri kabisa, mpaka mutu apite karibu. Ukifunga mulango, inayumba kama mulevi mwenye kutafuta njia ya kwao. Mireille akasema, "Mama, inakosa waya nyembamba ya kukaza huku nyuma."

Waya tu? Hapa kwetu, kwenye batu bote banageuza udongo kutafuta madini, mi nikose waya?

Nikakosa! Nikaingia ku soko, nikamuuliza fundi wa kwanza, "Uko na waya nyembamba?" Akaangalia nyuma, akaangalia pembeni, akanong'ona, "Mama, weye unauza ao unanunua?" Alizani niko mu mambo ya mukuba, ile shaba ya kuiba! Mi, na kitambaa cha kanisa ku kichwa! Mwingine akanipa waya ya kufungia bafer ya beton, vile vyuma vya kujengea. Laini, ukivuta, inarefuka tu. Wa tatu akanionyesha kamba ya kuanika nguo. Nikamuuliza kama basahani yako ni soksi.

Mwisho ni Tata Ramazani, ule muzee anauza mipira na fren ya kinga, baiskeli za batu, njo alinitoa mu haya. Akanipa waya ya fren: nyembamba, ngumu, haikubali kurefuka. "Utachukua mbili, mama?" Moja, tata! Etajeri ya mutoto wangu haiko kiwete!

Mireille akaifunga kutoka kona ya juu mpaka kona ya chini ya ngambo ingine, akakaza. Etajeri ikainama upande moja, ikabakia vile. Sahani ya kwanza ikateleza, nikaidaka na tumbo. Nikatukana waya, nikatukana mbao, nikatukana mwenye nyumba. Nikakutukana na weye, kwa nini ulikufa. Unisamehe.

Mireille akangojea nimalize. "Mama, waya moja inavuta kwake tu. Inaomba ingine ya kuvuta ngambo ya pili. Zikivutana, njo inasimama."

Nikakaa chini, Mama Solange. Nikalia mbele ya mbao.

Tangu ulienda, naringa peke yangu. Mireille hivi, Mireille vile, ku soko, ku kanisa, na hakuna mutu wa kunikata. Batu banasema "ee, mama," banaenda zabo. Hakuna mwenye kuvuta tena. Nimeinama, rafiki.

Nikarudia kwa Tata Ramazani. Muzee akacheka, lakini waya alinipa. Sasa ziko mbili, zinakatana katikati. Basahani iko juu, maua yote inaangalia mulango. Na ule mulango naupiga kwa nguvu, makusudi, kila mugeni akiingia. Haitikisiki.

Lala, rafiki yangu. Nakuahidi hivi: kila fasi nitamutaja Mireille, nitamutaja na Solange wako, ginsi anavuka mupaka wa Angola kule Dilolo, anabishana na batu ba forodha mu Kireno, na anarudia na muzigo wote. Nitavuta na upande wako.

Lakini wa kwanza mu darasa ni Mireille. Hiyo siiachi.

Mwenzako wa kubishana,
Mama Mireille