Redio ya Mkoa Mzima

Mwanangu Zaina,

Marahaba, najua umeshaniamkia huko Vidunda. Mama yako mdogo homa imeshuka. Anayeninyima usingizi ni wewe, na mimba hiyo ya miezi minane na ule mteremko wa kisimani.

Hapa Mikumi kuna redio mpya ya mtu binafsi, ya FM, eti inafika mkoa mzima. Studio ni chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Mashine ikiunguruma, taarifa ya habari inasubiri unga. Nikapeleka kadi ya salamu: “Zaina wa Vidunda, usichote maji, mama anarudi Ijumaa.” Mtangazaji akaisoma vizuri kweli. Ndipo nikamuuliza, Vidunda mnasikika?

“Kule kuna milima, mama.”

“Hongera baba, umeiona leo?”

Sasa soko zima wananiuliza, “Mama Zaina, binti kaacha kuchota maji?” Wamesikia wote isipokuwa wewe. Mumeo ana mikono, achote yeye. Kadi hii ninayokuandikia nampa dereva wa lori la ndizi, maana yeye milima hiyo anaipanda.

Kaa kitako unisubiri, roho yangu.

Mama yako