Kaka Masanja na Sheria ya Kamari

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, mama. Hapa Kahama tunapumua. Mvua imegoma, lakini shangazi yako amejifungua salama.

Umeniuliza kama sheria kali zitamwachisha baba yako kubeti. Kaka yangu Masanja alikuwa mchimbaji kule Bulyanhulu, akacheza karata hadi ng'ombe wa kulimia wa baba wakaondoka. Kamari bila kibali ilikatazwa, polisi wakamkamata, akafungwa. Mama alishangilia: "Serikali imeniokolea mwanangu."

Siku aliyotoka tulimchinjia kuku. Alimshika mama mikono, akalia kweli. Kisha akaninong'oneza, "Siku hizi wanachezea wapi?" Mama alisikia. Akaanza kuondoa vyombo.

Leo vibanda vya dubwi, zile mashine za kamari, vina leseni ukutani, na watoto hawaruhusiwi kuingia. Baba yako ni mtu mzima, na simu anayobetia haimkatazi. Jana nilimsihi aache. Akanijibu, "Mama, sivunji sheria yoyote." Ni kweli.

Ukimpigia, usimgombeze. Muulize tu kama amekula.

Bibi yako,
Nyanzobe