Mguu wa Mulombwa

Likasi, Shituru, tarehe 6 Julai 2024

Papa mpendwa,

Nimeapa kukuambia yote, hata yale ambayo Tonton Eugène, mdogo wako, ameniomba niyanyamazie. Lakini kwanza, habari ya Kolwezi? Mgongo umepona? Sisi tuko wazima. Mama anakusalimu sana. Anasema kwa simu mnapigiana makelele tu mpaka unité zinaisha, heri mimi niandike.

Papa, kabati la vitabu la parokia limeanza vibaya. Mbao zake za ubavuni zinataka mifereji iliyonyooka ili rafu ziingie humo. Tonton anaichimba kwa défonceuse yako, ile mashine ya kuchimba mifereji, akiitelezesha juu ya ile reli ya aluminiamu. Lakini serre-joint za kubania reli ulienda nazo. Basi tumemkalisha Mama Adrienne, jirani yetu anayeuza maandazi ya beignets, juu ya mwisho wa reli.

Tonton akamwambia, "Mama Adrienne, usitikisike!"

Naye akajibu, "Weye chimba tu, Eugène. Miye niko na kilo ya kutosha."

Ilienda vizuri mpaka mteja alipoita barabarani, "Beignets!" Mama Adrienne akasimama. Reli ikateleza, na mfereji ukakata kona kama ile njia ya Buluo inayopindapinda.

Jambo la pili ni langu. Sista wa shule ya ufundi anasema anayetaka kuingia menuiserie, kujifunza useremala, aandikishwe isipite tarehe 15 Agosti. Najua ulisema coupe-couture, nikajifunze kushona. Mimi bado natumaini.

Mtoto wako,
Tina

Kolwezi, tarehe 13 Julai

Tina mwanangu,

Jambo kwako, jambo kwa Mama na kwa wote wa nyumbani. Mgongo ni afadhali. Barua yako nimewasomea wenzangu wa kazi hapa atelier ya mbao, na sasa kila mtu huku anamwulizia Mama Adrienne.

Willy dereva anakuletea serre-joint mbili. Zibaneni reli kila upande, mwacheni mama wa watu auze beignets zake.

Kuhusu menuiserie, hapana. Unakijua kidole changu kilichokatika. Siku ile mashine iliinama kidogo tu, mkono ukaifuata. Mashine ikiinama haiulizi huyu ni mtoto wa nani. Nataka ubaki na vidole kumi.

Mimi baba yako

Likasi, tarehe 21 Julai

Papa mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini unakula vizuri na unalala vizuri. Serre-joint zimefika. Reli haisogei tena, ila Mama Adrienne analalamika kwamba tumemfukuza kazi bila barua.

Hata hivyo mfereji uliendelea kutoka vibaya: mpana juu, na umelalia upande mmoja. Tonton alilaumu kisu, kisha ubao, kisha umeme. Mimi nilikuwa nikisonga bukari. Unakumbuka mbabula yetu, lile jiko la makaa, ilivunjika mguu? Mama ameweka kipande cha tofali chini yake, sufuria isipinduke. Nikasimama na mwiko mkononi. Papa, mashine yetu pia imekosa mguu! Nusu ya kitako chake inakaa juu ya reli, nusu ya pili iko hewani. Ukiisukuma, inaegemea upande wa hewa, na kisu kinainama nayo.

Nilimwita Tonton. Alichomoa waya kwanza, hiyo nakuapia, ndipo tukaigeuza. Nilikata soli ya sapatu yangu ya zamani, unene sawa na reli, tukaifunga chini ya ule upande wa nje. Ikawa mbaya zaidi! Soli ni laini. Inabonyea, halafu inakwama kwenye ubao.

Tukachukua kipande cha mulombwa, ule mti mgumu. Nilikipiga randa kidogo kidogo mpaka kikalingana na reli kabisa. Tonton alikifunga kwa skrubu mbali na kisu, kwa sababu tuliona kwamba mguu ukikaa karibu, mashine bado inacheza. Vichwa vya skrubu alivizamisha ndani ya mti visikwaruze ubao, nami nikapaka nta ya mshumaa. Kisha nilibonyeza ule upande wa nje kwa nguvu zangu zote. Haikuinama hata kidogo.

Rafu iliingia kwa kusukumwa mara moja. Tonton akaniuliza, "Weye, nani amekufundisha?"

Nikamjibu, "Mbabula ya Mama."

Mtoto wako,
Tina

Likasi, tarehe 5 Agosti

Papa,

Hujambo? Willy amerudi mara mbili mikono mitupu. Kabati limeshafika parokiani na vitabu vimepangwa. Mama anasema una kazi nyingi. Tonton anasema umekasirika kwa sababu tumeitoboa mashine yako. Ni yupi anayesema kweli?

Tina

Kolwezi, tarehe 8 Agosti

Mwanangu Tina,

Jambo sana. Sikukasirika. Nilipomaliza kusoma, nilienda kuinama chini ya défonceuse ya hapa. Nayo ina nusu hewani, sawa na ulivyoandika. Tangu nilipoumia, kila mfereji ukitoka vibaya nimekuwa nikijiambia kwamba mkono wangu ndio umelegea, na wenzangu nimewaficha. Ndiyo maana nilikosa la kukuandikia.

Reli ya hapa ni nene kuliko yetu. Ndani ya bahasha nimeweka kijiti chenye unene wake. Nitengenezee mguu unaolingana nacho. Usimpe Tonton akutengenezee. Uutengeneze wewe.

Papa

Likasi, tarehe 10 Agosti

Papa wangu,

Nafurahi kusikia kwamba u mzima, na mkono wako pia. Sisi hatujambo. Mguu wako ndio huu, nimeuzungushia kitambaa. Nilikilaza kijiti chako kando yake na kupitisha kidole juu ya vyote viwili nikiwa nimefumba macho, mpaka nikashindwa kujua kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Tonton hakugusa kitu. Alikaa tu karibu na Mama Adrienne, wakila beignets na kunicheka. Uufunge mbali na kisu, upake nta, na uchomoe waya kwanza, tafadhali.

Vidole vyangu nimevihesabu mbele ya Mama: vyote vipo.

Willy anaondoka huko Jumatatu asubuhi kurudi kwetu, na Sista anafunga uandikishaji Alhamisi. Mpe jibu mkononi, hata kama ni neno moja. Sasa Papa, mtoto aliyemtengenezea baba yake mguu wa défonceuse, kweli utampeleka coupe-couture?

Mtoto wako,
Tina