Tarakimu ya Mwisho ya Baba

Tsuyama

Kaka Kiyotaka,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na joto la Osaka halijawatesa sana. Huku tu wazima. Mama goti linamsumbua, ila anakula. Salamu zimetosha. Sasa nisikilize, maana nina hasira.

Jana nilikwenda na Mama kuliosha kaburi, liwe safi kabla ya Bon, sikukuu ya kupokea roho za wafu, Baba atakaporudi nyumbani kwa mara ya kwanza tangu atutoke. Nikaisoma ile namba aliyoipenda, iliyochongwa ubavuni mwa jiwe, kutoka juu kwenda chini. Ilipaswa kuwa 357686312646216567629137. Imeishia kwenye tatu. Chini yake, mahali pa ile saba ya mwisho, linaanza jina lako: aliyejengesha kaburi, mwana wa kwanza, meneja wa tawi.

Fundi Okubo, aliyelichonga jiwe, anasema alikupigia simu kwamba nafasi haitoshi, akakuomba uache cheo. Ukamwambia aitoe tarakimu ya mwisho, kwani nani atakwenda makaburini na kikokotoo. Kaka, hata haya huna!

Umesahau Baba alivyotufundisha namba hiyo mezani, supu ya miso ikipoa? Ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ukifuta tarakimu ya kwanza, inayobaki ni tasa pia. Futa tena, na tena, mpaka ibaki saba peke yake, na kila mara ni tasa. Hakuna ndefu kuliko hiyo yenye tabia hiyo. Baba alisema mtu naye anyang'anywe cheo, nguvu, hata macho, lakini abaki yuleyule. Ungekata ya juu, ningenung'unika nikanyamaza. Wewe umekata saba, inayozishikilia zote! Jumlisha zilizobaki, utapata mia moja na tano. Maana yake sasa inagawanyika kwa tatu. Nasi tumezaliwa watatu. Umemkata Baba vipande kama mochi, keki ya mchele.

Nilipokupigia jana ulicheka. Ulisema niache utoto, eti maiti hahesabu. Mama alikuwa kando yangu, akasikia kila neno.

Nilidhani atalia. Hakulia. Leo asubuhi alijikongoja hadi kwa fundi. Unajua jina lake limechongwa karibu na la Baba, limepakwa rangi nyekundu kungoja siku atakayomfuata. Fundi alidhani amekuja kudai saba irudishwe. Mama akamjibu kwamba hiyo ni kazi ya Kiyotaka. Yeye amekuja jina lake lifutwe. Alisema ameishi na mume mzima, hatalala na kipande. Akifa kabla hujaliondoa jina lako pale, tumzike kwao, kwa wazazi wake.

Nilimsihi mpaka sauti ikakauka. Hakunisikiliza. Limeshasagwa, Kaka. Amerudi na vumbi jekundu kwenye viatu.

Wasalimie wifi na watoto. Mama hakutuma salamu.

Mdogo wako,
Fumino